Ile ngome ya duara pale New York sio ya Wadachi

Watu wengi wakienda kukata tiketi ya boti ya kwenda kwenye Sanamu ya Uhuru wanapiga picha na lile jengo la duara la mawe mekundu halafu wanaandika "ngome ya Wadachi", yaani Waholanzi waliotawala hapo kabla ya Waingereza. Hapana jamani. Ile ni Castle Clinton, ilijengwa na Wamarekani wenyewe kati ya 1808 na 1811 kwa hofu ya Waingereza, na kipindi hicho ngome ya Wadachi ilishabomolewa.

Ya Wadachi iliitwa Fort Amsterdam, ilianza kujengwa miaka ya 1620, na haikuwa duara kabisa, ilikuwa ya pembe nne na kila pembe ina kichomozo cha mizinga. Na usidhani ilikuwa tishio, kuta zilikuwa za udongo na nguruwe walikuwa wanazifukua tu! Ndo maana 1664 meli za Waingereza zilipotia nanga, gavana Stuyvesant akasalimu amri bila mapigano. Basi ikawa kila mtawala anaipa jina lake, mara Fort James, mara Fort George, ngome ni ileile.

Ikabomolewa 1790, pakajengwa nyumba ya kifahari kwa ajili ya rais ila Washington hakuwahi kuishi humo maana mji mkuu ulihamia Philadelphia. Leo hapo pana jengo la forodha la zamani, pale kwenye bustani ya Bowling Green, mwendo mfupi tu kutoka hapo wanapopigia picha.