Aktueta ya upepo: usinunue kwa inchi za bomba

"Shikamoo mwalimu. Nina valvu ya inchi nne, nataka aktueta ya upepo ya kuikalia. Nitafute ya saizi gani?"

Simu za namna hii nazipokea sana hapa chuoni Tanga, na picha iliyopigwa gizani hufuata. Anayeuliza ni fundi mzoefu, bomba analijua, lakini bosi kamtuma dukani na inchi tu. Nami humrudishia maswali: valvu ni ya tufe (tufe lenye tundu linalogeuka) au ya kipepeo (sahani inayogeuka)? Inapita nini humo ndani? Upepo unaofika pale, si ule wa kwenye kompresa, una presha ngapi? Na umeme ukikatika, mnataka ibaki wazi au ijifunge? Kwenye swali la mwisho simu hunyamaza kidogo.

Kwa ambaye hajakiona kifaa chenyewe, ni kile kiboksi cha aluminiamu kinachokaa juu ya valvu, kikiwa na kofia ndogo ya plastiki inayoonyesha kama njia iko wazi au imefungwa. Upepo uliobanwa huingia ndani, shafti huzunguka digrii 90, na valvu hufunguka au kufungwa. Ndiyo kazi yake yote. Utavikuta kwenye mabomba ya kiwanda cha maziwa, kwenye milango ya vumbi na ya maghala ya unga wa saruji, kwenye matangi ya mafuta na kwenye vichujio vya mitambo ya maji. Vinapendwa kwa sababu havitoi cheche, vina kasi, na vikikwama husimama tu. Mota ya umeme ikikwama bila kinga huungua.

Aina unayokutana nayo zaidi ni ya reli ya meno. Kama umewahi kufungua reki ya steringi ya gari dogo, umeshaielewa: pistoni mbili zinatazamana, kila moja ina mkia wenye meno, katikati kuna gia moja ndiyo shafti. Upepo ukiingia kati ya pistoni, zinaachana na gia inazunguka. Uzuri wake, ikiwa haina springi, ni kwamba nguvu ya kuzungusha ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho wa safari. Kwa valvu ndogo na za kati ndiyo ninayoipendekeza, na vipuri vyake havisumbui.

Valvu zikiwa kubwa, kama za mabomba makuu ya maji au mafuta, huja aina ya yoki. Hapa pistoni inasukuma fimbo yenye pini, na pini inateleza ndani ya mpasuo wa mkono uliofungwa kwenye shafti. Nguvu yake si sawa njia nzima: ni kubwa mwanzoni na mwishoni, katikati inapungua. Hilo si kasoro. Valvu ya tufe iliyokaa imefungwa muda mrefu hugoma pale pale inapoanza kubanduka, ikishabanduka inakwenda yenyewe kama mlango uliotiwa mafuta. Yoki inatoa nguvu pale inapodaiwa.

Aina ya tatu ni ya bawa. Ndani ya chumba cha duara kuna bawa moja au mawili yaliyoshikamana na shafti, upepo unalisukuma bawa. Ni ndogo, ina vipande vichache, na ya bawa moja inaweza kuzunguka hadi kama digrii 270, ndiyo maana mashine za kupanga na kugeuza bidhaa huitumia. Ila sili ya bawa ikichakaa upepo unapita pembeni, na kuitia springi ndani yake si rahisi.

Sasa turudi kwenye lile swali la umeme kukatika, maana ndilo linaloleta hasara. Aktueta ya pande mbili hutumia upepo kufungua na upepo kufunga. Upepo ukiisha, inabaki ilipo, au inasukumwa na kile kinachopita bombani. Ile ya springi hutumia upepo upande mmoja tu. Upepo ukipotea, springi zinairudisha. Niliwahi kuitwa kiwanda kimoja, sikitaji, asubuhi baada ya umeme kukatika usiku. Tangi la maji ya moto ya kusafishia mabomba lilikuwa juu, valvu yake ilikuwa na aktueta ya pande mbili, na ilikuwa wazi umeme ulipokwenda. Kompresa ikasimama, upepo ukavuja taratibu, maji yakashuka yenyewe mpaka tangi likaisha. Nilikuta watu wanasukuma maji kwa fagio. Aliyenunua alisema ya springi ilikuwa ghali zaidi, na alisema kweli: kwa nguvu ileile, ya springi huwa kubwa na bei yake iko juu, kwa sababu upepo unafanya kazi mbili, kuizungusha valvu na kuzikandamiza springi.

Kwenye hiyo ya springi ndipo wengi hukosea kusoma jedwali la mtengenezaji. Kuna namba nne za nguvu ya kuzungusha: mwanzo wa upepo, mwisho wa upepo, mwanzo wa springi, mwisho wa springi. Muuzaji hukuonyesha iliyo kubwa. Wewe itafute iliyo ndogo. Springi ikianza kurudi iko kamili, ikikaribia mwisho imelegea, na hapo mwisho ndipo valvu inatakiwa kukaa kwenye kiti chake na kubana. Ikiwa namba ya mwisho wa springi haifikii mahitaji ya valvu, utakuwa na valvu inayofunga karibu kabisa, na "karibu kabisa" kwenye tangi la petroli ni kuvuja.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua valvu ambayo mtengenezaji anasema inahitaji nyutoni-mita 60 (ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kubanduka. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya uzee, uchafu na siku mbaya, unapata 78. Kimiminika kikiwa kizito au kinaganda, au valvu inakaa wiki nzima bila kuguswa, mimi naongeza zaidi. Dukani unaonyeshwa aktueta ya pande mbili ya nyutoni-mita 100 na unafurahi. Lakini soma pembeni: hiyo 100 ni kwa presha ya baa 6. Kwa aina ya reli ya meno nguvu hupanda na kushuka pamoja na presha, kwa hiyo mwisho wa laini ndefu, mashine zote zikivuta upepo na geji ikionyesha baa 4, unabaki na takriban 67. Inatosha kwa valvu mpya. Kwa valvu ya mwaka wa tatu itagoma, na lawama ataipata fundi wa zamu. Kapime presha kwenye sehemu yenyewe, saa ambayo kiwanda kimechangamka, kabla ya kwenda dukani.

Jambo jingine ambalo vitabu vya nchi zenye hewa kavu hulipita haraka ni unyevu wetu. Chukulia hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 80: kila meta ya ujazo imebeba gramu 24 hivi za maji. Kompresa inabana meta saba za hewa hiyo kuwa moja ili kupata baa 6. Ikipoa na kurudi nyuzijoto 30, meta hiyo moja haiwezi kushika zaidi ya gramu 30. Zilizobaki, kama gramu 138, zinadondoka kuwa maji. Hivyo ni karibu vikombe vitatu vya kahawa ya barazani Ngamiani, ila hivi havina tangawizi, na kompresa ya kiwanda cha kawaida inaweza kuvitoa kwa dakika moja. Bila kikaushio na bila kufungulia maji ya tangi, yote yanaelekea kwenye solenoidi (valvu ndogo ya umeme inayoelekeza upepo) na aktueta, yanaosha grisi na kuacha kutu.

Halafu kuna chumvi. Aktueta ya springi inapumua: pistoni zikirudi, chumba cha springi kinavuta hewa ya nje kupitia tundu dogo. Kule pembeni ya bahari kinavuta chumvi. Karibu na tanuri za saruji kinavuta vumbi. Niliifungua moja iliyokuwa imekaa ufukweni miaka michache tu, kwa nje rangi yake safi kabisa, ndani springi mbili zimekatika na unga mwekundu umejaa kiganja. Dawa yake si ghali: solenoidi inayorudisha upepo mkavu uliotumika kwenye chumba cha springi badala ya kuvuta wa nje. Iulizie unaponunua. Sili nazo ziulizie, kwani za mpira wa kawaida huishia takriban nyuzijoto 80. Kwenye bomba la mvuke tafuta za vitoni, mpira unaostahimili joto zaidi.

Kuhusu kufungana, usikubali kuchomelea bati la kubahatisha. Kiwango cha ISO 5211 kimepanga matundu ya boliti: F05 ni duara la milimita 50, F07 ni 70, F10 ni 102. Namba hiyo ikilingana kwenye valvu na aktueta, pamoja na umbo na kipimo cha shafti, zinakaa zenyewe. Solenoidi ya kubandika ubavuni pia ina mpangilio wake unaoitwa NAMUR, na usichanganye: pande mbili inataka ya njia tano, springi inatosha ya njia tatu.

Mwisho ni vidole vyenu. Valvu ya kipepeo yenye aktueta hufunga ghafla, kwa hiyo usiingize mkono kwenye bomba kabla hujafunga upepo, ukaumwaga wote, ukaweka kufuli. Na aktueta ya springi usiifungue kama unavyofungua pampu. Funga upepo, hakikisha springi zimerudi, kisha legeza boliti za kifuniko kidogo kidogo kwa zamu, msalaba kwa msalaba. Boliti hizo zimeachwa ndefu makusudi, ili springi ziishe nguvu kabla boliti haijatoka. Ukikuta mtu wa kabla yako kaweka fupi, acha kila kitu hapo hapo na umwite anayeijua kazi.