Je, wajua kwa nini mwarobaini ni mchungu hivyo na mbona nzige anauruka?

Ukishatafuna jani la mwarobaini unajua, uchungu wake haukai ulimini tu, unashuka mpaka kooni na maji ukinywa bado upo. Watu husema ndo dawa yenyewe hiyo, ila mti haukutengeneza uchungu ule kwa ajili yetu, ni silaha yake dhidi ya wanaoula.

Uchungu unatokana na kundi la kemikali linaloitwa limonoidi na mwarobaini unazo kibao, kuna salanini, nimbolidi, kuna nimbini ambayo mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui aliitoa kwenye mafuta ya mwarobaini huko India mwaka 1942, halafu kuna bosi wao, azadiraktini, iliyojaa zaidi kwenye mbegu kuliko majani. Na hata kwenye mbegu yenyewe ni chini ya asilimia 1 ya uzito!

Mwaka 1959 nzige walivamia Sudan, wakala kila chenye kijani, mwanasayansi mmoja Mjerumani, Heinrich Schmutterer, akaona miarobaini tu ndo imebaki na majani yake. Nzige walikuwa wanatua, wanaondoka. Hapo watu wakaanza kuuchimba huo mti kwelikweli.

Sasa utamu uko hapa, azadiraktini haiui papo hapo kama sumu za dukani. Tunutu (nzige mchanga asiye na mabawa) akionja tu, vionjio vya mdomoni mwake vinamwambia acha, na wengine wanakubali kufa njaa kuliko kuendelea kula. Akijitia kiburi akala kidogo, kemikali inaenda kuvuruga homoni inayoitwa ekdisoni, ile inayomwamuru ajivue ngozi ya zamani ili akue. Ngozi inapasuka mgongoni, kichwa kinatoka, miguu haitoki, anabaki kama mtu aliyekwama kwenye shati linalombana na hapo ndo mwisho wake. Sisi hatukui kwa kujivua ngozi kwa hiyo mtego huo hautunasi, lakini usije ukadhani haina madhara kabisa, mafuta ya mbegu zake yameshawadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa, degedege, ini kuharibika na wengine wakafa, mimi siwezi kumpa mtoto hata tone.

Udhaifu wa azadiraktini ni jua, mwanga unaivunja haraka ndo maana wanaopulizia mazao huambiwa wapulize jioni.

Mtu atauliza, si wangeitengeneza kiwandani tu? Molekuli moja ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, zimefungamana vibaya mno. Timu ya mwanakemia Steven Ley kule Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilihangaika nayo miaka 22 ndo ikafanikiwa kuiunda maabara mwaka 2007, kwa hatua zaidi ya 60 na kinachopatikana mwishoni ni kiduchu, kwa hiyo viwanda vya viuatilifu bado vinakamua mbegu.