Maabara ya taifa ya mifugo: yanayoaminika na yalivyo

"Ni hospitali kubwa ya wanyama"

Wengi wakisikia jina hilo hufikiria jengo ambako ng'ombe aliyeshindikana hupelekwa akatibiwe. Hakuna ng'ombe anayelazwa huko. Kinachofika mapokezi ni chupa ya damu, kipande cha ubongo, ngozi ya lengelenge au kinyesi kwenye kikopo, pamoja na fomu. Matibabu ni kazi ya daktari wa mifugo aliye karibu na zizi. Maabara ya taifa humpima mnyama mmoja kwa ajili ya maelfu ambao bado hawajaugua: ikijulikana kilichomuua huyu, mamlaka hujua kama ifunge minada, ichanje, au iwaache watu na biashara zao.

Ndiyo maana majibu hayaishii kwa mfugaji. Kwa magonjwa yaliyoorodheshwa, nchi mwanachama huwajibika kuliarifu Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Shirika hilo liliundwa Paris mwaka 1924, baada ya sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe unaosababishwa na kirusi, kuzuka Ubelgiji mwaka 1920 kupitia ng'ombe waliopita bandari ya Antwerp wakitoka India kwenda Brazil. Tangu hapo nchi zilikubaliana kwamba ugonjwa wa jirani si siri ya jirani.

"Daktari mzoefu hahitaji maabara"

Uzoefu una thamani yake, na maabara isiyosikiliza maelezo ya daktari wa shambani hufanya kazi gizani. Lakini kuku wanaokufa kwa kideri na wanaokufa kwa mafua makali ya ndege wanaweza kufanana kiasi cha kumchanganya hata aliyezeekea kazini, na hatua za kuchukua si zilezile.

Chukua ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe anayedondosha mate na kuchechemea, ulimi umechubuka, atatambuliwa na mtu yeyote mwenye uzoefu. Asichoweza kukiona ni aina ya kirusi. Zinajulikana aina saba: O, A, C, Asia 1, na SAT 1, 2 na 3, ingawa C haijaonekana tangu mwaka 2004. Kinga ya aina moja haimlindi mnyama dhidi ya nyingine. Mfugaji akichanja kisha ng'ombe wakaugua, husema chanjo ilikuwa feki. Huenda ni kweli, lakini huenda pia chanjo ilikuwa nzuri na kirusi kilichoingia ni cha aina nyingine. Bila maabara, mabishano hayo hayana mwamuzi.

Kuna pia magonjwa ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Mwaka 1986, katika maabara kuu ya mifugo ya Uingereza iliyoko Weybridge, wataalamu waliangalia ubongo wa ng'ombe kwa hadubini wakakuta umejaa vitundu kama sifongo. Ndivyo ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulivyotambuliwa.

"Majibu yakiwa hasi, mnyama ni mzima"

Hii ndiyo dhana inayoleta madhara zaidi, na wanaoiamini si wafugaji peke yao.

Tazama kipimo cha Rose Bengal, kinachotumika kuchunguza bruselosisi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba na unaowapata watu kupitia maziwa mabichi au kondo la nyuma. Mpimaji hudondosha tone la seramu (majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake) kwenye kigae cheupe, kando yake tone la antijeni, yaani bakteria wa ugonjwa huo waliouawa na kutiwa rangi ya waridi. Huyachanganya yakawa duara dogo, kisha hukitikisa kigae taratibu kwa dakika nne. Waridi likibaki laini, ni hasi. Likigandamana na kufanya chembechembe, ni chanya. Kazi rahisi kuitazama.

Sasa, kipimo hiki hakitafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake. Ng'ombe aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kuwa bado hana askari wa kutosha, na hata siku za karibu na kuzaa au kutupa mimba kipimo kinaweza kumpita. Mnunuzi akishika karatasi ya majibu hasi na kumwingiza ng'ombe huyo zizini, huenda ameingiza ugonjwa wenye hati. Hasi ina maana ya "hatukukuta, kwa sampuli hii, siku hii". Ndiyo maana mnyama mpya hutengwa na kupimwa tena.

Chanya nayo hudanganya. Ng'ombe aliyechanjwa dhidi ya bruselosisi kwa chanjo iitwayo S19 anaweza kusoma chanya ilhali si mgonjwa, na bakteria wa jamii nyingine, Yersinia enterocolitica aina ya O:9, hufanana na Brucella, bakteria wa bruselosisi, kwa nje kiasi cha kukichanganya kipimo. Piga hesabu hii ya mfano: ng'ombe 1,000, walioambukizwa ni 10. Kipimo kinawanasa 95 kati ya kila wagonjwa 100, na kinawasoma sawasawa 99 kati ya kila wazima 100. Kitawanasa wagonjwa tisa au kumi, lakini kati ya wale wazima 990, kumi hivi nao watasoma chanya. Karibu nusu ya "wagonjwa" wako hawaumwi. Ukiwachinja wote kwa kipimo kimoja, umekula hasara ya bure. Maabara inapochelewesha majibu ili ithibitishe kwa kipimo cha pili, mara nyingi si uzembe. (Mara nyingine ni uzembe, tuseme ukweli.)

"Mnyama akishakufa hakuna cha kupima"

Kipo, ila anayekwenda kukichukua na kisu anaweza kuharibu kila kitu. Ng'ombe akifa ghafla, damu inatoka puani au sehemu ya haja na haigandi, shuku kimeta na usimpasue. Bakteria wa kimeta akipata hewa hujifunga kuwa mbegu inayoweza kuishi ardhini miongo kadhaa. Mzoga usiopasuliwa ukioza, wengi wa bakteria waliomo ndani hufa wenyewe. Daktari mwenye glavu huchukua damu kidogo ya sikio, basi. Maabara huipaka kwenye kioo na kuitia rangi maalumu ya bluu: bakteria huonekana kama vijiti vya bluu vyenye ncha bapa, vimepangana kama mnyororo, vikizungukwa na utando wa waridi.

Kwa mbwa anayeshukiwa kichaa, kinachohitajika ni ubongo, kwa hiyo anayempiga risasi ya kichwa ameharibu ushahidi. Aliyeumwa asingoje majibu ya maabara: aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na aende kuchanjwa siku hiyohiyo.

"Kupeleka sampuli ni kujiitia karantini"

Hofu hii si ya kipumbavu. Pale ambapo wanyama huchinjwa kwa amri na fidia haitoki, kuficha ni hesabu ya kawaida ya mtu anayelinda mali yake, na wa kulaumiwa kwanza ni aliyepanga utaratibu huo. Ila ugonjwa uliofichwa hausubiri; ukigunduliwa baadaye, eneo linalofungwa huwa kubwa zaidi.

"Wakati wa amani maabara haina kazi"

Kazi nyingi hufanyika wakati huo. Nchi haiaminiki kwa kusema tu kwamba haina ugonjwa. Lazima itafute na isipate, kwa sampuli za kutosha. Sotoka ilimalizwa hivyo. Chanjo iliyowezesha, iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, haikuacha alama ya kutofautisha ng'ombe aliyechanjwa na aliyeugua. Nchi ikabidi ziache kuchanja, kisha maabara zipime damu ya ng'ombe waliozaliwa baadaye. Mwenye kingamwili hapo, lazima kirusi kilimpitia. Mgonjwa wa mwisho kujulikana alionekana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangazwa kuwa huru.

Lakini kirusi kilibaki kwenye majokofu ya maabara, na maabara yenyewe inaweza kuwa chanzo cha mlipuko. Agosti 2007 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Surrey, Uingereza, na uchunguzi ukaelekeza kwenye eneo la maabara za Pirbright, ambako mabomba ya maji taka yalikuwa mabovu. Baada ya mwaka 2011 nchi zilitakiwa ziharibu akiba zao za sotoka au zizikabidhi kwa vituo vichache vilivyoidhinishwa. Pirbright, iliyokuwa na akiba kubwa, ilinakili kwanza vinasaba vya virusi vyake, na mwaka 2019 ikaviteketeza.