Kabati la gemu ni la mbao, sawa, ila mkono unashika chuma

Nimeulizwa tena kuhusu kabati la gemu, lile la kucheza kwa sarafu: "Fundi, kabati lenyewe la mbao, athi ya nini?" Jamani! Athi ni ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Mbao haipitishi umeme, hilo hatubishani, ila we ukicheza unashika nini? Mlango wa sarafu chuma, fremu ya monita chuma, boksi la pawa saplai chuma, paneli ya vitufe mara nyingi chuma. Laivu, yaani waya wenye umeme, ikichomoka kwenye teminali ikagusa kimojawapo na athi hamna, hutaona kitu, fyuzi haiungui, gemu linapiga kazi kama kawaida, na chuma kimekaa na volti 230 kinamngoja mtu. Athi ikiwepo ampea zinapanda ghafla, fyuzi inaungua, basi.

Halafu wale wa "nikigusa nasikia visisimizi, si ndo kawaida yake". Pawa saplai za switching zina vikapasita, vijidude vinavyopitisha umeme kidogo, kwenye filta, kimoja toka laivu kuja kwenye boksi, kingine toka nyutro (waya wa kurudisha umeme), kwa hiyo boksi lisilo na athi linaelea kwenye kama nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe mdogo mno, ila ukisikia hivyo ujue athi haipo au imekatika. Na we uliyekata pini ya athi ili spika ziache kuvuma, sina la kukwambia.

Kinachonikera kuliko vyote ni bawaba. Mtu anafunga athi kwenye fremu ya mlango wa sarafu, anasema mlango utapata kupitia bawaba. Bawaba ina rangi, ina grisi, ina kutu, leo inapitisha kesho haipitishi! Mlango upewe waya wake wa kijani na njano, wa nyuzi nyingi maana utakunjwa kila siku, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno (kipete cha chuma chini ya nati), na bolti hiyo isishike kitu kingine. Waya zote za athi zirudi kwenye sehemu moja pale umeme unapoingilia, usirukishe chuma kwa chuma. Na mita ya kupima kama waya umeungana ikilia usishangilie, hulia hata umebaki uzi mmoja ambao hitilafu ikija utaungua kabla ya fyuzi, kwa hiyo vuta waya kwa mkono, angalia kwa macho.

Fyuzi ikae kwenye laivu, swichi ikate laivu na nyutro. Monita za zamani za kioo kizito nyingi zinataka transfoma yake ya kutenganisha, usiziunge moja kwa moja.

Sasa 0V ya DC, yaani waya wa kurudi wa umeme mdogo unaotoka kwenye saplai, iungwe na athi au iachwe? Hapo mi mwenyewe bado nasitasita. Saplai ya kompyuta imeshaunganisha ndani, hujaulizwa, ila zile za kabati kuna zinazoacha 0V na athi mbalimbali, na nikiziunga mara sauti inatulia, mara mvumo unazidi.