Acheni kuweka sifuri kwenye tm_isdst

Wiki hii nimeletewa tena msimbo wa lugha ya C wenye mstari uleule: t.tm_isdst = 0; na pembeni maelezo, "huku hatuna DST", yaani hatusogezi saa mbele wakati wa kiangazi. Aliyeuandika ni kijana makini, na mengine yote ameyapanga vizuri. Nikamuuliza, kwa nini sifuri? "Kaka, sisi si hatubadilishi saa?" Kweli hatubadilishi. Lakini seva ya mteja wake iko London na imewekwa saa za London.

Wengi wanadhani sifuri ni kama kusema "hayo hayanihusu". Sivyo. Sifuri ni kauli kamili: unaiambia mktime, ile kazi ya C inayogeuza tarehe na saa kuwa sekunde, kwamba saa uliyoandika ni ya kawaida, si ya kiangazi. Namba chanya inasema ni ya kiangazi. Ni namba hasi pekee inayosema "sijui, tafuta mwenyewe", na hapo ndipo mktime inapokwenda kuangalia kanuni za ukanda wa saa.

Chukua miadi ya tarehe 15 Julai 2024, saa nne asubuhi ya London. Julai London huwa saa moja mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kwa hiyo jibu ni 1721034000, yaani sekunde tangu 1970 ilipoanza kwa UTC. Ukiweka sifuri unapata 1721037600. Zimeongezeka sekunde 3600, na mteja anaambiwa aje saa tano. Ukijaribu kwa tarehe za Januari huoni kosa. Kwenye laptopu yako ya Dar es Salaam hulioni mwaka mzima, maana huku sifuri inapatia kwa bahati tu. Majaribio yote yanapita, mnapongezana, kisha Aprili simu zinaanza kulia. Na kama hata hiyo sifuri hukuiweka, ukaandika struct tm t; (kifurushi cha sehemu za tarehe na saa) na kuiacha hivyo, basi umeachia takataka za kwenye kumbukumbu ziamue.

Wapo waliokwisha kujifunza -1 na bado wanaanguka. Wanasahau kwamba mktime haisomi tu. Inaandika pia ndani ya struct yako. Umeanza na 30 Machi 2024, saa nne asubuhi, London, ukaweka -1. Ikimaliza, tm_isdst imekuwa 0, kwa sababu siku hiyo saa zilikuwa hazijasogezwa. Unaongeza tm_mday, siku ya mwezi, kwa moja, unaiita tena bila kugusa kingine. Usiku ule London imesogeza saa mbele, wewe bado umeshika sifuri ya jana. Unapata saa tano. Ndiyo maana kwangu sheria ni moja: -1 iandikwe mstari mmoja juu ya kila mktime, hata kama tayari iko mistari mitatu nyuma. Msimbo usio nayo naurudisha bila kuusoma.

Ila -1 nayo si mganga. Tarehe 27 Oktoba 2024, saa saba na nusu usiku ilipita London mara mbili. Ukiiuliza mktime, itachagua mojawapo, na huna uhakika ni ipi. Tarehe 10 Machi 2024 New York, saa nane na nusu usiku haikuwepo kabisa. Saa iliruka kutoka nane hadi tisa. Kwa jambo lililokwisha kutokea, hifadhi muhuri wa wakati, yaani zile sekunde tangu 1970, papo hapo. Ukihifadhi saa ya ukutani, ile iliyopita mara mbili huwezi kuitenganisha tena.

Mengine nayapitia haraka.

Siku si sekunde 86400 kila mahali. London, 31 Machi 2024 ilikuwa na saa 23, na 27 Oktoba saa 25. Ukitaka kesho saa ileile, ongeza tm_mday uiache mktime ipange. 32 Januari huigeuza yenyewe kuwa 1 Februari.

mktime haisomi tarehe yako kama ya UTC. Inaisoma kwa saa za ukanda uliowekwa pale programu inapoendeshwa. Tarehe ikiwa ya UTC, tumia timegm, iliyokuwepo kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux) na mifumo ya BSD kwa miaka na sasa imeingia kwenye C23, toleo jipya la kiwango cha C. Kwenye Windows ni _mkgmtime. Kutoa au kuongeza 10800, sekunde za saa zetu tatu mbele ya UTC, kwa mkono ni kutegea mtego atakayekurithi kazi.

Kwenye tm_mon Julai ni 6, si 7, maana miezi huanzia 0. Kwenye tm_year mwaka 2024 ni 124, maana huhesabiwa kuanzia 1900. Hili sitaki kuulizwa tena.

mktime ikikurudishia -1 kama jibu, si lazima iwe imeshindwa. Hiyo pia ni sekunde ya mwisho kabla ya 1970 ya UTC, ambayo huku kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa usiku. Weka tm_wday, siku ya wiki, kuwa -1 kabla ya kuita. Ikibaki -1, hapo imeshindwa kweli.

Na wapo wanaosema eti saa zetu hazijawahi kuguswa. Kanzidata ya kanda za saa inaonyesha Nairobi ikiwa saa 2 na dakika 45 mbele ya UTC tangu 1937 hadi mwisho wa Julai 1942, na Dar es Salaam humo inafuata Nairobi. Ukipiga hesabu ya mzee aliyezaliwa 1940 kwa kutoa saa tatu kamili, utapishana na mktime kwa dakika 15, kisha utanipigia simu kuniambia maktaba ya C ina kasoro.