Splitibodi: yanayosemwa dukani na yanayoonekana mlimani

Karakana ninayofanyia kazi iko Salt Lake City, Utah, kama nusu saa kwa gari kutoka milima ya Wasatch. Kazi yangu ni kunoa kingo za snoubodi, yaani mbao za kutelezea kwenye theluji, kupaka nta na kufunga vifungio vinavyoshika buti. Theluji ya kwanza ikishadondoka, mlango hauishi watu wanaotaka kuachana na lifti za kupandishia watelezaji na kupanda mlima kwa nguvu zao. Siku hizi wamo vijana wetu pia, wenye asili ya Kongo, Burundi na Tanzania, waliokulia hapa hapa. Nafurahi sana kuwaona. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanakuja na maneno ya kusikia, na maneno hayo yanawala pesa, na mlimani yanaweza kula zaidi ya pesa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: splitibodi ni snoubodi iliyogawanywa katikati kwa urefu wake. Wakati wa kupanda unavaa vile vipande viwili kama ski, kimoja kila mguu, chini umebandika ngozi maalumu. Ukifika juu unabandua ngozi, unaunganisha vipande, unageuza vifungio ukae kiubavu, unashuka.

"Angalia inavyoshuka, kupanda ni kazi ya miguu tu"

Hili nalisikia kuliko yote, na ndilo linaloharibu mambo mengi. Kwenye Wasatch unaweza kupanda kwa muda wa saa 2 kwa ajili ya mteremko wa dakika 10. Sehemu kubwa ya siku yako, ubao ni chombo cha kupandia.

Tazama umbo lake ukiulaza sakafuni. Kuna mbao zilizopinda kama mtumbwi, ncha zote mbili zimeinuka. Kwenye theluji laini zinaelea vizuri mno, na dukani zinavutia macho. Lakini ukizigawa na kubandika ngozi, sehemu ya mbele na ya nyuma ya ngozi haigusi theluji kikamilifu. Njia ikiwa kali na ngumu, unateleza kurudi nyuma hatua baada ya hatua hadi mapaja yanawaka. Ubao wenye upinde chini ya miguu, yaani ukiulaza sakafuni katikati ndiyo imeinuka, hukandamiza ngozi kwenye theluji pale penye uzito wako. Ndiyo maana splitibodi nyingi leo hutengenezwa pua ikiwa imeinuka na katikati kukiwa na upinde. Kama ndiyo unanunua ya kwanza, shika hiyo.

Upana nao una mambo yake. Ubao mwembamba kuliko buti utafanya vidole vikwaruze theluji unapokata kona, kwa hiyo watu huambiwa wachukue mpana wawe salama. Kwa snoubodi ya kawaida ushauri huo hauna madhara makubwa. Kwa splitibodi, ukikatiza ubavu wa mlima wenye theluji iliyoganda, ukingo wa kipande kipana unakaa mbali na katikati ya mguu wako, na kifundo kinalazimika kupigana nao kila hatua. Mwenye buti namba 43 kwa kawaida anatosheka na upana wa sentimita 25 hadi 26 pale kiunoni mwa ubao. Kuongeza zaidi ya mahitaji ya buti ni kujitafutia maumivu.

"Ubao ufike kidevuni"

Kidevu hakina uzito. Kinachokunja ubao ni kilo zako pamoja na za begi, na begi la mlimani lenye maji, chakula, koti la akiba na vifaa vya uokoaji hufika kwa urahisi kilo 7 au zaidi. Kila mtengenezaji ana jedwali la uzito. Anza na hilo, jumlisha begi, kisha angalia saizi ya buti. Ukijikuta katikati ya saizi mbili na wewe ni mgeni wa kupanda, chukua fupi. Utanishukuru kwenye zile kona kali za kupandia, pale unapolazimika kuinua mguu mmoja na kuugeuza kuelekea upande mwingine wa mlima.

"Nyepesi kuliko zote ndiyo bora kuliko zote"

Uzito wa mguuni unachosha kuliko wa mgongoni, hilo ni kweli na kila aliyepanda analijua. Lakini ubao mwepesi sana wa nyuzi za kaboni, ukishuka nao kwenye theluji iliyoyeyuka mchana na kuganda usiku, hutetemeka hadi meno yanagongana. Na ukigonga jiwe lililofichika, huumia zaidi. Ubao wa kilo 3 hadi 3.5 unatosha kabisa kwa mtu wa kawaida. Kama unataka kupunguza gramu, anza na vilivyomo begini.

"Ya mtumba ni ile ile"

Msimu uliopita alikuja kijana mzaliwa wa Bukavu, ameikumbatia splitibodi kama mtoto. "Yaya, niangalilie hii," akaniambia. Kwao kaka mkubwa ndiye yaya. Alikuwa ameinunua kwa mtu mtandaoni, bei ya kutupa.

Nikaunganisha vipande na kuusimamisha ubao mbele ya taa. Mstari wa mwanga ukapenya kuanzia katikati hadi mkiani, upana wa kupitisha kadi ya benki. Nikashika pua kwa mikono miwili, nikasukuma kipande kimoja na kuvuta kingine: vikapishana, kwa mlio wa mlango wenye bawaba mbovu. Hapo bado sikukata tamaa, kwa sababu kulabu zinazounganisha vipande hulegea na bisibisi inazirudisha. Kisha nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani. Ukanasa. Maji yalikuwa yameingia kati ya chuma na mbao, na mbao imevimba. Nilimwonyesha, akapitisha ukucha wake mwenyewe, akanyamaza.

Vipimo hivyo vitatu havihitaji fundi. Mwanga, kupishana, ukucha. Vifanye mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa. Mtumba mzuri upo, na mimi mwenyewe nilianza na wa mtumba.

Wapo pia wanaoniletea snoubodi ya zamani nipasue kwa msumeno. Si wazo la kipuuzi. Splitibodi ya Marekani ilizaliwa hivyo, hapa hapa Utah. Mapema miaka ya 1990 Brett Kobernik alipasua ubao na kuupeleka kwa kampuni ya Voilé ya Salt Lake City, nao mwaka 1994 wakaanza kuuza seti ya vifaa vya kujipasulia nyumbani. Mpangilio wao wa matundu ya vifungio ndio unaofuatwa na mbao nyingi hadi leo, ingawa si zote, kwa hiyo hakikisha vifungio vyako vinaingiliana na ubao kabla ya kulipa. Ila ubao wa msumeno hauna kingo za chuma upande wa ndani, na pale ulipokatwa pasipozibwa vizuri kwa gundi ya epoksi utakunywa maji kama sifongo. Kwenye theluji laini utakufikisha. Kwenye ubavu wa mlima ulioganda, sikushauri.

"Ngozi ni ngozi"

Zamani zilikuwa ngozi za sili kweli. Leo ni nailoni au mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, au mchanganyiko wa vyote viwili. Pitisha kiganja kama unavyompapasa paka: upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwama. Nailoni inashika zaidi na kudumu zaidi, mohea inateleza mbele kwa wepesi. Kwa mwanzo napendelea mchanganyiko. Unapozikata, acha kingo za chuma wazi pande zote mbili, milimita moja au mbili. Nimeona ngozi zilizofunika chuma chote, na mwenye nazo haelewi kwa nini anateleza pembeni kila akikatiza mlima.

"Nina vifaa vizuri, niko salama"

Hapa naomba unisikilize. Hakuna ubao unaozuia maporomoko ya theluji. Yale ya kuua hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopendeza kushuka. Utah, theluji ya mwanzo wa msimu mara nyingi hugeuka punje kama sukari na kukaa chini ya tabaka zinazofuata kwa wiki kadhaa. Haishikani, na uzito wa mtu mmoja unaweza kuiporomosha. Tarehe 6 Februari 2021, pale Wilson Glade katika bonde la Millcreek, watu 4 walifariki kwenye poromoko moja, na hawakuwa watu wasio na vifaa.

Kila anayepanda avae kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi ya redio ya 457 kHz, ili akifukiwa apatikane, awe na ufito wa kukunja wa kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa na chepe la chuma, na ajue kuvitumia bila kufikiri. Walio wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 hupona. Baada ya hapo nafasi inaporomoka. Aliye karibu nawe ndiye mwokoaji wako, maana helikopta haifiki kwa dakika hizo. Na kila asubuhi soma taarifa ya Utah Avalanche Center, haina malipo.

Yule kijana wa Bukavu ana kilo 63 na buti namba 42, na ule ubao aliouziwa ulikuwa wa sentimita 165, mrefu mno kwake hata kama ungekuwa mzima. Alikodi wa 156 mara mbili, akaupenda, akanunua wa namna hiyo uliotumika msimu mmoja. Tuliupima pamoja mbele ya taa. Pesa iliyobaki alilipia kozi ya siku tatu ya maporomoko, na alienda na mdogo wake.