Roboti haina bomba la moshi, sasa hewa chafu inatoka wapi?

Hii ndo kauli naisikia kila zikitajwa kampuni za roboti na ahadi zao za tabianchi: eti zinatumia umeme tu kwa hiyo ni safi. Bomba lipo jamani, liko tu mbali, kule umeme unakofuliwa. Chukua mkono mmoja wa roboti wa kuchomelea vyuma kiwandani, tuseme kwa wastani unakula kilowati 1 na unapiga kazi saa 6,000 kwa mwaka, hizo ni yuniti 6,000, piga mara miaka 10 unapata yuniti 60,000. Kama gridi inatoa nusu kilo ya kaboni dayoksaidi kwa kila yuniti, mkono huo mmoja umeshaondoka na tani 30, na hapo hatujahesabu wenzake waliopanga foleni kwenye laini hiyohiyo.

Alafu kuna wanaosema kampuni ikishafunga sola kwenye paa la kiwanda imemaliza kazi. Hapana. Hesabu za hewa chafu ya kampuni zinafuata mwongozo unaoitwa GHG Protocol, umegawa mafungu matatu: skopu 1 ni kile kampuni inachochoma yenyewe, kama boila na magari yake, skopu 2 ni umeme inaonunua, na skopu 3 ni mengine yote kuanzia kwa masaplaya mpaka kwa mteja, vipengele 15. Sola inagusa skopu 2 basi. Zile tani 30 zetu, kwa kampuni iliyotengeneza na kuuza huo mkono, ziko skopu 3, kipengele cha 11, matumizi ya bidhaa iliyouzwa. Na huko huko kuna chuma, sakiti na alumini ya kutengenezea mkono wenyewe, na alumini sio mchezo, kuyeyusha chakavu kunatumia karibu 5% tu ya nishati ya kuitoa kwenye madini, kwa hiyo mtu wa manunuzi akibadilisha oda moja anaweza kufanya makubwa kuliko fundi wa sola.

"Roboti ikisimama haili umeme." Inakula! Simama karibu na mkono uliotulia kati ya kazi na kazi, utasikia kamlio kadogo, zile ni mota zinashikilia uzito usianguke, na feni za kabati la kontrola zinazunguka. Breki zikifungwa mapema mota zinaweza kupumzika, na hapo ndo mtengenezaji ana nguvu kweli maana programu hiyo anaiandika yeye, sio mteja.

Neti ziro nayo, yaani kufikisha hewa chafu ya kampuni kwenye sifuri ukishatoa ile iliyoondolewa hewani, watu wanadhani ni kununua kredit za kaboni (kulipia wengine wapunguze kwa niaba yako) na kuendelea kama kawaida. Kwa vigezo vya mwaka 2021 vya SBTi, shirika linalopima malengo ya tabianchi ya kampuni, kampuni kwa ujumla inatakiwa kwanza ikate kama 90% ya uzalishaji wake, isivuke 2050, alafu kile kidogo kilichobaki ndo kiondolewe hewani. Kredit hazihesabiwi kama umekata.

Na ukiona "tumepunguza 30%", uliza ya nini. Kama ni kwa kila roboti, na mauzo yameongezeka mara mbili, basi pale palipokuwa na tani 100 sasa kuna 140. Asilimia imeshuka, hewa chafu imepanda, na hakuna aliyedanganya, mimi hii ndo inanikera kuliko zote.

La mwisho ni lile la "roboti zetu zinaokoa mazingira". Kuna ukweli, mkono unaopuliza rangi kwa usahihi unapoteza rangi kidogo na hiyo ni faida ya kweli kwa mteja. Ila akiba hiyo inaripotiwa pembeni, hairuhusiwi kutolewa kwenye skopu 1, 2 na 3. Mkono ule ule uliookoa ndoo za rangi bado una tani zake za umeme kwenye kipengele cha 11.